Anza na Mkonge, Chuo Kitafuata

Wengi wanaotaka kusomea uzamili wa uchumi wa kimataifa na sera za maendeleo huanza safari kinyumenyume. Swali lao la kwanza ni chuo, la pili ni nchi, la tatu ni nani atalipa. Swali la nne, yaani wanataka kujua nini hasa, hulikumbuka usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kutuma maombi, pale fomu inapodai maneno mia tano ya kueleza kwa nini wewe na si mwingine. Hapo ndipo wino unapokauka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Magoma, awe anaelekea Korogwe au Handeni anapokwenda mjini, ambaye amemaliza shahada ya kwanza au yuko mbioni kuimaliza. Unashikilia jambo moja: kwanza lijue swali linalotoka kwenu, kisha ujifunze hesabu za kulikabili, kisha ulifanyie kazi miaka miwili au mitatu, na chuo kije mwisho. Anayekwenda kwa utaratibu huo hufika darasani akijua anafuata zana gani. Asiyejua atarudi na cheti, na waajiri wamekwisha kuviona vyeti vingi.

Swali liko shambani

Mtu wa Magoma hana haja ya kupanda ndege ili aone uchumi wa kimataifa. Umepandwa kwa mistari nyuma ya nyumba, una miba, na jina lake ni mkonge. Mmea huu haukuwa wa huku. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo ilizaliwa biashara iliyolaza reli, ikajenga makambi, ikaleta vibarua wa manamba kutoka mikoa ya mbali na nchi jirani, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka na kuongoza dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi. Hakuna mzee wa Korogwe asiyeijua habari hiyo, kwa kuwa ameiona kwenye mashamba yaliyogeuka pori na kwenye korona, zile mashine za kuchakata majani, zilizonyamaza.

Sasa keti barazani uulize nini kiliuangusha mkonge. Utapata majibu mawili, na kila upande utaapa kwamba jibu lake linatosha. Wa kwanza watasema ni nyuzi za plastiki, zilizoingia sokoni katika miaka ya 1960 na kuvunja bei ya kamba za kufungia majani ya mifugo huko Ulaya na Marekani. Wa pili watasema ni utaifishaji wa mwaka 1967, uliohamishia mashamba mengi mikononi mwa shirika la umma. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalosimama peke yake. Kama bei ya dunia ndiyo iliyoua, mbona Brazil, iliyouza katika soko lilelile, ilipanda hadi ikashika nafasi ya kwanza duniani? Na kama utaifishaji ndio ulioua, mbona Kenya, ambayo haikutaifisha mashamba yake, nayo leo inazalisha pungufu ya ilivyokuwa ikizalisha katika miaka ya 1960 na 1970? Juu ya hayo kuna thamani ya shilingi, iliyowekwa juu kuliko uwezo wake hadi katikati ya miaka ya 1980, kiasi kwamba mwenye kuuza nje alipata shilingi chache kwa kila dola huku gharama zake zikipanda. Tena utaratibu wa kuleta manamba ulikoma, na mkonge ni zao linaloliwa na gharama za mikono. Kila sababu ilikuwa na fungu lake katika anguko lile. Kuyapima mafungu hayo, hili kiasi gani na lile kiasi gani, ndiyo kazi ya mwanauchumi wa sera, na uzamili upo ili ufundishe namna ya kuyapima.

Ubishi huo si wa wanahistoria peke yao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Magoma imekuwa miongoni mwa mashamba ya Korogwe, pamoja na Hale, Magunga, Mwelya na Ngombezi, ambako wakulima wadogo walipewa vitalu walime mkonge wao chini ya mpango ulioanzishwa na kampuni ya Katani, na baadaye vyama vya ushirika vya AMCOS vikashika nafasi kubwa. Kwa hiyo bei inayotajwa katika masoko ya nje leo inaingia moja kwa moja mfukoni mwa mkulima wa heka chache, baada ya kukatwa gharama za korona, usafiri na mkopo. Nani abebe hatari bei ikishuka? Ni heri kuuza nyuzi ghafi au kusokota kamba hapahapa Tanga? Ukisokota, utauza wapi bila kukutana na ushuru? Mwenye kuyajibu maswali haya kwa takwimu hatakosa la kuandika kwenye fomu.

Mkonge ukikuchosha, maswali mengine yamejaa. Handeni inalima mahindi, na serikali imewahi zaidi ya mara moja kuzuia mahindi yasivuke mpaka, kwa nia ya kulinda chakula cha ndani. Katazo la namna hiyo hushusha bei kwa mkulima, humpa nafuu mla unga wa mjini, na hufungua njia za panya kuelekea Kenya. Lakini tazama tena: kaya nyingi za vijijini nazo hununua mahindi kabla ya mavuno mapya, kwa hiyo haziumii zote, na nyingine hunufaika. Mwezi Machi 2021 mambo yaligeuka. Kenya ndiyo iliyozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Chukua pia mitumba, inayouzwa katika kila gulio la wilaya hizi mbili. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwafungia soko la nguo chini ya mpango wa AGOA. Tanzania, Uganda na Kenya wakarudi nyuma, Rwanda ikakaza na mwaka 2018 ikasimamishwa kuuza nguo bila ushuru. Mwaka huohuo wa 2016 Tanzania ilikataa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, na Kenya ikatia saini wa kwake Desemba 2023. Tena kuna bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, lenye kilomita 1,443, linalopita Handeni na Korogwe. Fidia ya ardhi, kodi, hisa za serikali na mikopo ya ujenzi wake ni mada za darasa la uchumi wa kimataifa, na bomba lenyewe limefukiwa chini ya ardhi yenu.

Hesabu kabla ya barua

Hapa wengi husimama na kusema: sera ni siasa, ya nini kujitesa na hesabu? Hoja hiyo ina uzito, kwani maamuzi mengi makubwa hayakusubiri mlinganyo. Lakini hesabu ndiyo inayokuepusha kudanganyika na macho yako. Tuseme umegundua kwamba wakulima wa mkonge walio katika AMCOS wanapata kipato kikubwa kuliko wasio wanachama. Utaandika kwamba ushirika unaongeza kipato? Subiri kwanza. Pengine waliojiunga ndio waliokuwa na heka nyingi tangu mwanzo, au waliokaa karibu na korona, au waliokuwa na akiba ya kungoja miaka mitatu hivi ya kwanza kabla ya kukata majani. Ukilipendekezea taifa limwage fedha kwenye ushirika kwa hesabu hiyo, unaweza kuwa umelipa heka sifa isiyo yake. Mbinu za kutenganisha athari ya ushirika na athari ya heka ndizo zinazoitwa ekonometriki, na huko ndiko wanafunzi wengi wa uzamili wanakokwama, kwa sababu waliingia wakitegemea ufasaha wa maneno.

Basi jikague mapema. Aliyepitia tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati) ana msingi. Aliyepitia HGE (historia, jiografia na uchumi) ana faida ya historia lakini atalazimika kujaza pengo. Unachohitaji si kingi: kutafuta kilele na bonde la mlinganyo, matrisi, uwezekano wa matukio, na uchambuzi wa uhusiano kati ya kigeu kimoja na vingine. Ukivimudu hivyo vinne kwa ukamilifu, muhula wa kwanza hautakuangusha. Sambamba na hayo jifunze programu moja ya kuchambua takwimu. Stata ndiyo inayotumika sana katika idara za uchumi, lakini leseni yake ni ghali. R ni ya bure, na kazi zote za darasa la uzamili inaziweza. Taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, MIT, imekuwa ikitoa kwa njia ya intaneti mfululizo wa kozi za takwimu na uchumi wa sera ulioandaliwa na watafiti wa maabara yake ya J-PAL, ambao hauulizi una shahada gani, na ada ya mitihani yake hupangwa kulingana na kipato cha mwanafunzi. Hata kama hutafika mwisho, kozi mbili ulizofaulu zitaeleza uwezo wako vizuri kuliko sifa yoyote utakayojipa.

Jipime kwa kazi moja ya mikono. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, imekuwa ikifanya utafiti wa kufuatilia kaya zilezile tangu 2008/09, na takwimu zake hupatikana bure kwa anayejisajili. Zipakue. Chukua swali dogo, mathalani kaya zinazolima mahindi zinauza lini na kununua lini, uandike kurasa kumi zenye majedwali mawili na mchoro mmoja. Andiko hilo halitachapishwa popote, nalo halina haja ya kuchapishwa. Litakufundisha kwamba takwimu huja na uchafu wake, kwamba jibu la kwanza mara nyingi si sahihi, na kwamba unapenda kazi hii au huipendi. Kama huipendi, umejiokolea miaka miwili na mamilioni ya shilingi kwa gharama ya vocha za intaneti.

Kazi kabla ya chuo

Baada ya hesabu inakuja kazi, na hapa masharti ya wafadhili yenyewe yanaunga mkono hoja ya mwongozo huu. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Ule wa DAAD wa Ujerumani kwa kozi za maendeleo hudai miaka miwili pia, na kwa kawaida hautaki shahada yako ya mwisho iwe imezidi miaka sita. Ule wa Japani na Benki ya Dunia hudai miaka mitatu ya kazi inayohusiana na maendeleo, baada ya shahada ya kwanza. Yaweke masharti hayo pamoja uone: kuna mlango unaofunguka mwaka wa pili au wa tatu baada ya kuhitimu, na mmojawapo unafungwa mwaka wa sita. Anayeomba siku ya mahafali anawahi mno. Anayesubiri mpaka watoto wamalize shule anachelewa. Panga kalenda yako kuzunguka dirisha hilo.

Utauliza, kazi yenyewe iko wapi, wakati vijana wenye shahada wanaendesha bodaboda? Ajira ni chache, na hakuna ushauri utakaoziongeza. Ila wafadhili huuliza ulifanya nini zaidi ya kuuliza ulilipwa kiasi gani, na wengine, kama Chevening, huhesabu kazi ya muda na ya kujitolea kwa saa. Tazama yanayokuzunguka. AMCOS ya mkonge inahitaji mtu wa kuweka kumbukumbu za majani yaliyovunwa, makato na malipo. Halmashauri ina idara ya mipango, maafisa biashara na maafisa ushirika. Bodi ya Mkonge ina makao yake Tanga. Mpakani Horohoro malori hupita kila siku yakiwa na karatasi za forodha, na bandari ya Tanga nayo ina mawakala wake. Tafiti za kaya huajiri wadadisi kwa mikataba mifupi. Popote utakapopata, hata kwa posho ya nauli, fanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: weka daftari. Andika bei, tarehe, kiasi, sababu zilizotolewa, na mahali ambapo sera iliyotoka Dodoma ilifika kwa mkulima ikiwa na sura nyingine. Daftari la miaka miwili la bei za nyuzi na makato ni mali ambayo profesa wa ng'ambo hana, na litakufaa kama chimbuko la tasnifu.

Sasa chuo

Ukifika hapa, kuchagua chuo kunakuwa kama kuchagua jembe: unatazama udongo. Anza na nyumbani. Idara ya Uchumi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa sehemu ya programu ya pamoja ya uzamili ya AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika wenye makao Nairobi ulioanzishwa mwaka 1988. Programu hiyo ilianza 1993 kwa hesabu ya busara: chuo kimoja hakikuwa na walimu wa kutosha kufundisha kila somo la ubobezi, hivyo wanafunzi walifundishwa misingi vyuoni kwao, kisha wakakutanishwa Nairobi kwa masomo ya kuchagua, uchumi wa kimataifa ukiwamo. Anayeelekea kilimo, na swali la mkonge linaelekea huko, atazame Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoingia katika programu kama hiyo ya uchumi wa kilimo. Anayetaka hasa sera za biashara, ushuru na mikataba asiruke Arusha, ambako kituo cha trapca kilianzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa taasisi ya menejimenti ya ESAMI na Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden ili kuwafundisha Waafrika sera na sheria za biashara ya kimataifa. Ukitoka Korogwe, ni safari ya basi ya mchana mmoja. Kabla ya kuomba, ulizia hali ya ufadhili ya mwaka huo, kwani fedha za wahisani huja na kuondoka.

Ng'ambo pia kuna programu zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi zetu. Chuo cha Williams, Marekani, kina kituo cha uchumi wa maendeleo tangu 1960, kinachopokea kila mwaka kundi dogo la maafisa wa serikali na benki kuu kwa uzamili wa mwaka mmoja. Taasisi ya masomo ya jamii ya The Hague, Uholanzi, iliyoanza 1952, inafaa anayetaka kuona maendeleo pia kwa jicho la siasa na jamii. Vyuo vya sera vya GRIPS, Tokyo, na KDI, Korea Kusini, vinafundisha kwa Kiingereza na vina nafasi za ufadhili wa serikali zao. Vina mvuto wa pekee kwa anayetaka kuchunguza nchi zilizopanda ngazi ya viwanda ndani ya kizazi kimoja. Kila programu, ya hapa au ya kule, ipime kwa mtaala wake na uache brosha. Tafuta vitu vinne: nadharia ya biashara ya kimataifa, uchumi mpana wa nchi iliyo wazi kwa dunia (huko ndiko utakakoelewa thamani ya shilingi ilivyoubana mkonge), ekonometriki ya mihula angalau miwili, na tasnifu unayoiandika mwenyewe. Programu isiyo na ekonometriki ya kutosha inaweza kukufanya msemaji mzuri wa sera, lakini si mpimaji wake. Ukisoma nje, kumbuka kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayotambua shahada za nje. Thibitisha hadhi ya chuo kabla ya kulipa hata senti.

Kuna watakaopinga: cheti cha nje kina heshima zaidi, ya nini kubaki? Hilo halikanushiki moja kwa moja, kwa kuwa waajiri wengine wanalifuata. Lakini tazama njia aliyopita marehemu Profesa Benno Ndulu. Alisoma shahada ya kwanza Dar es Salaam, akachukua uzamivu Northwestern, Marekani, akarudi kufundisha Dar es Salaam, akaiongoza AERC, na kuanzia 2008 hadi 2018 akawa Gavana wa Benki Kuu. Nje alikwenda, na alipokwenda alikuwa na msingi. Kwa mtu wa kawaida, uzamili wa nyumbani wenye tasnifu nzuri ni daraja la kwenda kwenye uzamivu wa nje, wakati uzamili wa nje usio na hesabu mara nyingi ndio kikomo cha safari. Anayepata ufadhili kamili wa nje na anajua anafuata nini, aende bila kusitasita. Anayeuza shamba la familia ili alipe ada ya mwaka mmoja wa jina kubwa, afikiri mara mbili, kwa sababu shamba linazaa kila msimu.

Barua yenyewe

Ukifuata utaratibu huu barua ya maombi inakuwa kazi nyepesi. Linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: "Nina shauku kubwa ya maendeleo ya Afrika na ningependa kuchangia kupunguza umaskini." Ya pili: "Kwa miaka miwili niliweka kumbukumbu za malipo ya wakulima wa mkonge, nikaona bei ya nje ikipanda huku malipo ya mkulima yakisimama, nataka kujifunza namna ya kupima bei hiyo inapotelea wapi." Ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, na kweli huandikwa na maelfu. Ya pili ina mwenyewe. Waombe wadhamini wako mapema, na uwape andiko lako la kurasa kumi ili wawe na la kusema. Kwa vyuo vingi utahitaji GPA ya daraja la pili la juu, yaani 3.5 na kuendelea. Ukiwa chini ya hapo, alama za kozi za hesabu ulizoongeza na uzoefu wa kazi vinaweza kukubeba katika baadhi ya programu, ingawa si zote. Kuhusu lugha, ulizia kama chuo kinakubali barua ya kuthibitisha kwamba ulisoma kwa Kiingereza kabla hujalipia mtihani wa bei kubwa. Na jihadhari na madalali: Chevening na DAAD hazitozi ada ya kuomba, na anayekuomba fedha ili akupitishie jina anakuibia.

Yapo mapingamizi mawili ya mwisho, na ni mazito kuliko yote. La kwanza linasema wanauchumi ndio waliotuletea masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, wafanyakazi wakapunguzwa na huduma zikalipiwa. Kwa nini tuzalishe wengine? Historia inajibu kwa namna yake. Mwaka 1979 Mwalimu Nyerere aliukataa ujumbe wa shirika hilo, na mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ikakubaliana nalo. Katika miaka iliyokuwa kati ya matukio hayo, wanauchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walibishana hadharani kuhusu thamani ya shilingi, bei za mazao na mashirika ya umma. Unaweza kuyapenda au kuyachukia matokeo, lakini nchi isiyo na watu wa kufanya hesabu zake yenyewe hupokea hesabu za mgeni kama zilivyo. Mwaka 1963 taasisi ya ODI ya Uingereza ilianza kupeleka wachumi vijana kufanya kazi katika wizara za nchi zinazoendelea. Wapo waliofanya kazi njema. Hata hivyo, kila kiti anachokalia mgeni kwa kukosekana mwenyeji kinatukumbusha kazi ambayo hatujaimaliza.

Pingamizi la pili ni la nyumbani: ukisoma hayo hutarudi Magoma, kwa hiyo Magoma inapata nini? Kweli, meza za sera ziko Dodoma, Arusha kwenye makao ya Jumuiya, Nairobi na Geneva, na huenda usikae tena kijijini. Lakini mikataba inayofika kwa mkulima wa Magoma huandikwa kwenye meza hizo, na inaposomwa na mtu aliyewahi kuhesabu majani mbele ya korona, mstari wa makato haumpiti. Tena kazi nyingine ni ya hapa hapa: AMCOS inayosaini mkataba wa mkopo au wa kuuza nyuzi inahitaji mtu wa kuusoma na kuuliza bei itapangwa kwa fedha gani na nani atalipa dola ikiyumba. Mwanachama mmoja anayeweza kuuliza hivyo kwenye mkutano mkuu ana faida kwa wote waliokaa kwenye benchi.

Kwa hiyo usifungue tovuti ya chuo leo. Nenda kwenye ofisi ya chama cha ushirika iliyo karibu nawe, uombe kuona bei walizolipwa wanachama kwa miaka mitatu iliyopita, uzinakili kwenye daftari, na pembeni yake uandike bei ya soko la nje kwa miezi hiyohiyo. Tofauti utakayoiona kati ya safu hizo mbili ndiyo somo lako la kwanza la uzamili, na halina ada.